Kamba Nyeupe ya Verlon Stobaugh

Kila Jumamosi asubuhi, wakati mji mzima wa Pardee ukiwa bado unabishana juu ya mechi ya Ijumaa ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa kwa mikono, Verlon Stobaugh alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja wa shule na ndoo ya mchanga uliochanganywa na mbegu, anaziba mashimo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa anaziba mashimo yanayochimbwa na njumu za vijana. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya baba yake, Hoyt, ambaye naye aliifanya mpaka magoti yakamkatalia.

Aliyepita na gari barabarani angedhani mzee ameangusha funguo. Kumbe alikuwa anasoma. Kwa Verlon nyasi zilikuwa zinaongea kabisa, na ukikaa naye nusu saa ungebaki mdomo wazi. Anagusa shimo kwa kidole, anasema: huyu aliteleza mguu wa kushoto. Huyu alisukumwa kutoka nyuma na mwamuzi hakuona. Huyu aliogopa, tazama alivyokanyaga kwa kisigino. Mechi nzima ilikuwa imeandikwa pale chini, kila hatua ya kila kijana, na katika watu elfu mbili na mia tatu wa Pardee ni mmoja tu aliyejua kuisoma. Na huyo mmoja hakuwa mtu wa maneno.

Mwaka ule maneno yalikuwa mengi mno mjini, na yote yalihusu wapokeaji wa pembeni.

Kazi ya mpokeaji wa pembeni ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya. Unatoka mbio, unahesabu hatua zako, unageuka ghafla, na ukigeuka mpira uko hewani tayari unakuja kifuani kwako, maana mrushaji ameuachia kabla hujamtazama. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ukifika kumi, mnaendelea. Ukifika tisa na kidogo, mpira ni wa wapinzani, nanyi mnarudi kukaba huku baba yako anavua kofia jukwaani na kuitazama ndani kana kwamba kuna kitu humo.

Wapokeaji wa Pardee walikuwa wanafika tisa na kidogo. Msimu baada ya msimu. Wale wa Quanley, mji wa maili kumi na nane kutoka hapo, walikuwa wanafika kumi na moja, kumi na mbili, wanainuka wanacheka. Na jambo lililowatia watu wazimu ni hili: kwa saa, vijana wa Pardee walikuwa na mbio kuliko wote katika wilaya. Ukutani mwa ukumbi wa mazoezi paliandikwa kwa rangi ya dhahabu majina ya waliokimbia yadi arobaini kwa muda mfupi kuliko wenzao. La juu kabisa, lililokaa pale miaka kumi na moja bila kushushwa, lilikuwa LANDRY STOBAUGH, na mbele yake sekunde nne na nukta nne moja. Landry ni mwana wa Verlon. Sasa anauza chakula cha ng'ombe na ana kitambi kidogo, lakini hakuna mtu aliyeingia dukani kwake asiyemwambia, "Nne nukta nne moja, bwana!"

Basi mbio wanazo. Sasa kwa nini wanaachwa?

"Kocha," alisema Wayland Grubbs mkahawani siku moja katikati ya wiki, akichovya kimkate cha moto kwenye rojo. Wayland ni dalali wa mnada wa ng'ombe na mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa timu, na sauti yake haijui kunong'ona. "Tatizo ni Purcell, hakuna lingine. Unapewa farasi, unawafanya punda. Wavivu! Wanakata njia kabla hawajafika. Mzee Verlon, wewe uko pale kila siku, unaonaje?"

Verlon alifikiri kidogo. "Nyasi ziko vizuri."

Mkahawa mzima ulicheka. "Nyasi ziko vizuri!" Wayland aligonga meza. "Jamani, mpeni huyu mzee kahawa nyingine kwa hesabu yangu. Jumatatu ya wiki ijayo, bwalo la shule, tunapiga kura. Tunamwambia mkuu wa shule Purcell afungashe kabla hatujacheza na Quanley."

Delwin Purcell, kocha wa wapokeaji, alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Alitoka ng'ambo ya mpaka, jimbo jirani la Oklahoma, na mke na mapacha wa miaka miwili, wakapanga nyumba yenye bembea nyuma ya kanisa la Wabatisti. Jumamosi ya wiki hiyo alikuja uwanjani mikono mifukoni, akasimama karibu na ndoo.

"Shikamoo, Mzee Verlon."

"Marahaba, Kocha. Mbona mapema hivi?"

"Usingizi umekataa." Alipiga teke kipande cha nyasi, kisha akakumbuka yuko mbele ya nani, akakiokota na kukirudisha mahali pake. "Niambie kweli, mzee. Hawa vijana hawanipendi? Nimewaambia mpaka sauti imekauka: maliza njia yako, fika kwenye mstari, ndipo ugeuke. Mazoezini wanafika! Kila siku wanafika, mguu juu ya mstari kabisa. Ijumaa ikifika, hawafiki. Ni kama wananifanyia makusudi."

"Mazoezini wanafika?"

"Juu ya mstari, nakuapia. Efraín Lucero ukimfunga kitambaa machoni atakwenda hatua zake saba na kugeuka juu ya rangi."

Kocha aliondoka, mabega yakining'inia. Verlon alibaki amepiga magoti, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuziba shimo lililokuwa mbele yake. Alilitazama.

Lilikuwa shimo la Efraín. Alilijua, kwa sababu Efraín huburuta kidole gumba cha mguu wa kulia anapogeuka na kuacha mkia kama wa kiluwiluwi. Shimo lilikuwa nyuma ya mstari, limepungua futi mbili hivi. Verlon alisogea. La pili, la yule kijana mrefu wa familia ya Haskett: futi mbili nyuma ya mstari. La tatu, la mfupi wao kuliko wote, na la nne pia: futi mbili. Alitambaa uwanja mzima kwa magoti, jua likapanda, umande ukakauka, suruali ikawa kijani. Mashimo ya Quanley, waliokuwa wamecheza pale mwaka uliopita, aliyakumbuka kama mtu anavyokumbuka nyuso. Yalikuwa juu ya mstari au mbele yake.

Hapo ndipo alipoacha kutambaa. Vijana wanne wavivu wangepungukiwa kila mmoja kwa kiasi chake, mmoja shubiri, mwingine hatua nzima, kwa sababu uvivu wa mtu ni wake mwenyewe. Hawa walipungukiwa sawasawa, mrefu na mfupi, kana kwamba mkono mmoja mkubwa umewashika kiunoni wote na kuwasimamisha mahali pamoja. Ni kitu gani kinachoweza kuwashika watu wanne kwa kipimo kimoja?

Aliinua macho akatazama ng'ambo ya uzio, kwenye uwanja wa mazoezi. Kisha akatazama kibanda chake. Ukutani mwa kibanda, kwenye msumari, ilining'inia kamba.

Kamba hiyo ilikuwa ya Hoyt. Ya pamba, nene kama kidole gumba, ina fundo kila baada ya yadi tano. Hoyt aliifunga mwenyewe, na kwa kamba hiyo uwanja wa mazoezi ulipimwa kila mwaka. Uwanja wa mechi haukuhitaji kamba, maana wapima ardhi waliupima zamani kwa tepu ya chuma na kupigilia vigingi vya chuma pembeni. Verlon alifuata vigingi tu. Lakini uwanja wa mazoezi kila kiangazi uligeuzwa kuwa mahali pa maonyesho ya mifugo. Ng'ombe walikanyaga mistari yote ikafutika, na mwezi wa nane Verlon alianza upya: anafunga kamba kwenye nguzo ya zizi, anaivuta, anatia alama kwenye kila fundo. Uwanja wenyewe haukuwa na mwisho rasmi. Ulianzia kwenye zizi na kuishia pale rangi ilipoishia, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuhesabu.

Na kamba ilikuwa nyeupe. Watu walikuwa wanakuja kuitazama! Kamba ya zaidi ya miaka hamsini, nyeupe kama shuka la hotelini, kwa sababu Verlon aliifua. Hoyt hakuwahi kuifua. Enzi zake ilikuwa ngumu kwa rangi na udongo. Lakini wiki aliyozikwa Hoyt, Verlon aliishusha, akaona uchafu wa mikono ya baba yake umeganda juu yake, akashindwa kuiacha hivyo. Akachemsha maji kwenye pipa, akatia sabuni ya magadi, akailoweka usiku mzima na kuianika juani. Tangu hapo, kila baada ya kupiga mistari, au kuirudia katikati ya msimu, aliifua. Ilikuwa namna yake ya kuongea na mzee.

Aliichukua kamba, akaifunga kwenye kigingi cha chuma cha mwanzo wa uwanja wa mechi, akaivuta kuelekea mstari wa yadi kumi. Fundo la pili lilisimama. Mstari ulikuwa mbele. Kati ya fundo na mstari palikuwa na nyasi tupu, pana kiasi cha kulaza mtoto mchanga kwa urefu.

Akavuta kwa nguvu. Halikusogea. Akaketi chini palepale uwanjani, kamba mapajani. Maji ya moto na jua, mara mbili, mara tatu kwa mwaka, miaka ishirini na miwili. Kidogo kidogo, kila alipoitunza, ilisinyaa.

Nedra, mkewe, alimkuta mlangoni hajavua viatu.

"Umegongwa na jua?"

"Kamba imepungua."

"Kamba gani?"

"Ya baba."

Nedra aliweka chini sufuria ya maharagwe. Huyu ni mwanamke aliyeshona mapazia ya nusu ya Pardee. Pamba anaijua kwa vidole. "Verlon. Umeifua kwa maji yanayochemka."

"Ndiyo."

"Kama nepi."

"Ndiyo, Nedra."

"Na hukuwahi kuniuliza." Alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia usoni, maana hesabu ilikuwa imemfikia. "Ngoja. Zile arobaini wanazokimbia. Wanazikimbia wapi?"

"Uwanja wa mazoezi."

Kama kila yadi kumi zimepungua futi mbili, arobaini zimepungua futi nane. Vijana wa Pardee hawakuwa na mbio kuliko wilaya nzima. Walikuwa na mbio za kawaida kwenye uwanja mfupi. Na dhahabu yote ile ukutani, kuanzia jina la juu kabisa, iliandikwa na sabuni ya Verlon.

"Landry," alisema Nedra.

"Najua."

"Huenda mwaka ule ilikuwa haijapungua sana."

"Huenda. Hakuna awezaye kujua."

"Piga mistari upya tu kwa tepu ya chuma. Nani ataona?"

Verlon alikuwa ameshalifikiria hilo njia nzima. Angeweza kupiga mistari usiku wa Jumapili, vijana wangeanza kufika, mambo yangekwisha. Lakini kura ilikuwa Jumatatu, na kabla kijana hajajifunza hatua mpya, ile nyumba yenye bembea ingekuwa tupu. "Purcell anafukuzwa kwa kosa langu," alisema. "Na wale watoto wanaitwa wavivu mbele ya mama zao."

Nedra alimfuta udongo kwenye paji la uso kwa kona ya aproni. "Basi kwanza mwambie mwanao. Asilisikie bwaloni."

Verlon alikwenda dukani kwa Landry Jumapili baada ya kanisa. Akasimama kati ya magunia, akazunguka, akasifu bei ya pumba, akauliza habari za gari. Landry akasema, "Baba, una nini leo?" Verlon akasema hana kitu. Akanunua gunia la chumvi ya ng'ombe, naye hana ng'ombe, akarudi nyumbani.

Jumatatu bwalo lilijaa mpaka watu wakakalia meza. Kama ilivyo desturi, walizima taa na kutazama mechi ya Ijumaa ukutani, na kila Efraín au mwenzake alipogeuka mapema, watu waliguna kwa pamoja, "Aaah!" Wapokeaji wenyewe walikuwa wamekaa nyuma na mama zao, vichwa chini. Purcell alisimama mbele na kijiti cha kuonyeshea, akieleza kosa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali.

"Asante, Kocha," Wayland alisema taa zilipowashwa. "Hatuna chuki na wewe, tunapenda ushindi tu. Kuna mwenye neno kabla ya kura?"

Verlon alisimama. Watu waligeuka wakatabasamu.

"Nyasi ziko vizuri, Mzee Verlon?" mtu alipaza sauti, wakacheka.

"Nyasi ziko vizuri," Verlon alijibu. "Mimi ndiye siko vizuri." Akatoa kamba ndani ya gunia la chumvi. "Naomba watu wawili washike hii. Na wawili washike tepu."

Alikuwa hajawahi kuongea mbele ya watu zaidi ya sita. Kamba ililazwa sakafuni kati ya meza, na kando yake tepu ya chuma, ncha kwa ncha. Watu waliinuka, waliokuwa nyuma wakapanda viti. Fundo la pili lilipofika mwisho, tepu ikaendelea, ikaendelea, na ilipofika yadi kumi kamba ilikuwa imeachwa nyuma futi mbili.

"Hii ndiyo niliyopimia uwanja wa mazoezi," Verlon alisema. "Kocha amewafundisha hatua saba mpaka mstarini, nao wanapiga saba mpaka mstarini. Hawajawahi kukata njia. Mstari wangu ndio uliokuwa mwongo. Nimeyaona mashimo, yote yamepungua sawasawa. Hakuna kijana mvivu hapa. Samahanini."

Mama yake Efraín alimwekea mwanawe mkono kichwani. Efraín aliitazama kamba kama mtu aliyeonyeshwa ukuta aliokuwa anaugonga gizani. Purcell alijifunika uso kwa karatasi zake.

Wayland ndiye aliyehesabu wa kwanza kwa sauti. Dalali, hesabu ziko damuni. "Futi mbili kwa kumi... Sasa arobaini..." Akasita. Macho yake yakaenda mlangoni.

Landry alikuwa amesimama pale, bado na aproni ya duka. Verlon hakuwa amemwona akiingia.

"Baba," Landry alisema. "Kwa hiyo jana ulinunua chumvi ili usiniambie hili?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Huna hata ng'ombe mmoja."

"Sina."

Landry alikuja taratibu mpaka ilipo kamba, akainama, akaiokota ncha. Aliipitisha vidoleni, fundo moja, fundo la pili. Watu wote wa Pardee walikuwa wanamtazama mtu huyu na sifa yake ikisinyaa kwa sabuni mbele yao. Akainusa.

"Bado inanukia babu," alisema. Kisha akamgeukia Purcell. "Kocha, kesho saa kumi nitakuja uwanja wa mechi, wa vigingi. Nitakimbia arobaini. Nikitumia sekunde sita, andikeni sita."

"Utakufa, Landry!" mtu alisema, na bwalo likapasuka kwa kicheko ambacho wengi walikuwa wamekihitaji. Kura haikupigwa. Wayland alisema ingoje mechi ya Quanley, wiki tatu mbele.

Landry alikimbia, mji mzima ukishuhudia, kitambi na yote. Sekunde tano na nukta nane. Alilala chali kwenye nyasi, uso mwekundu kama nyanya, na aliyempa mkono kumwinua alikuwa baba yake. Wiki hiyo Verlon alipanda ngazi mwenyewe ukumbini akapaka rangi nyeupe juu ya majina yote, akianza na la juu.

Halafu akapiga mistari upya. Hatua saba zikawa saba na nusu, jambo ambalo haliwezekani, kwa hiyo Purcell akakaa na vijana wake jioni kwa jioni wakirefusha hatua, na mara mbili Efraín alianguka kifudifudi kwa kujinyoosha mno.

Mechi ya Quanley walishindwa. Kwa pointi mbili tu, mpigaji teke wa Pardee alipokosa teke la mwisho lililogonga nguzo na kurudi.

"Purcell abaki," Wayland alitangaza asubuhi mkahawani, kila mtu akimsikia mpaka barabarani. "Sasa jamani, yule mpigaji teke. Nani anamfundisha yule?"

Verlon hakuwepo kumsikia. Alikuwa amepiga magoti uwanjani na ndoo yake, umande umelowanisha suruali, na alikuwa amefika kwenye mstari wa yadi kumi, upande ambao Pardee walishambulia kipindi cha pili. Palikuwa na mashimo mawili karibu kugusana. Moja lilikuwa la Quanley. La pili lilikuwa na mkia kama wa kiluwiluwi, na lilikuwa limeupita mstari kwa upana wa kiganja. Rangi nyeupe imesukumwa mbele yake na kumwagika kwenye nyasi.

Aliliwekea kiganja. Kilitosha sawasawa. Alichota mchanga, mkono ukabaki hewani, mchanga ukavuja vidoleni ukarudi ndooni. Kisha akasogea, akaliacha kama lilivyo, akaanza na lile la Quanley.